Skana Haijui Kilichomo Ndani ya Katoni

Ukitaka kufungua duka kubwa leo, iwe Sinza, Arusha au Nakuru, kabla hujampata mteja wa kwanza utatembelewa na kijana mwenye kompyuta mpakato na maneno matamu. Atakuuliza unajuaje kama wafanyakazi wako hawakuibii. Atakukumbusha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, kisha atakwambia zama za daftari zenyewe zimekwisha: funga mfumo, nunua skana tatu na printa ya risiti, na kuanzia siku hiyo utaliona duka lako lote kwenye simu hata ukiwa Dubai kufuata mzigo. Hakuna kukosea tena, hakuna kuibiwa tena. Mashine haidanganyi.

Maneno haya si ya wauza mifumo peke yao tena. Utayasikia kwenye semina za wajasiriamali, utayasikia benki unapoomba mkopo, na utayasikia kwa mwenye duka mwenyewe akimkaripia keshia. Asiye na skana anaonekana mshamba, na aliye nayo anaamini amemaliza kazi. Mimi sina ugomvi na skana. Ninachokipinga ni hitimisho kwamba kilichosomwa na mashine ndicho kilichopo, na kwamba mtu na mfumo wakitofautiana, mwongo ni mtu. Hitimisho hilo haliendani na namna mashine hizi zilivyotengenezwa. Linawatia hasara walewale waliolipia, na linawaumiza watu wasio na pa kusemea.

Tuanze na bakodi yenyewe, kwa kuwa inasifiwa zaidi na wasioijua. Ile milia myeusi na myeupe ni namba, basi, iliyochorwa kwa namna ambayo mwanga unaweza kuisoma. Wamarekani wawili, Norman Joseph Woodland na Bernard Silver, waliiombea hataza mwaka 1949 wakapewa 1952, lakini wazo likakaa miaka zaidi ya ishirini likingoja leza na kompyuta za bei ya kununulika. Bidhaa ya kwanza kusomwa kaunta ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley's, tarehe 26 Juni 1974, katika supamaketi ya Marsh mjini Troy, Ohio. Kwenye bidhaa zetu nyingi milia hiyo hubeba tarakimu 13. Ndani yake hamna bei, hamna tarehe ya kuisha muda, hamna neno lolote juu ya kilichomo ndani ya chupa. Bei unayoiona ikitokea kwenye skrini inatoka kwenye kompyuta ya duka, na iliingia humo kwa sababu kuna mtu aliiandika, labda jioni, amechoka, huku anajibu simu.

Kuna jambo moja ambalo bakodi inajua kujihakiki, na hapo ndipo wengi hupotoshwa. Chukua tarakimu 12 za mfano: 620123456789. Jumlisha zilizo nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo, unapata 26. Jumlisha zilizobaki, unapata 27, zidisha kwa 3, inakuwa 81. Jumla yote ni 107. Ili ifike 110 inapungua 3, kwa hiyo 3 ndiyo tarakimu ya 13. Skana ikiisoma vibaya tarakimu moja, hesabu haitimii nayo inakaa kimya. Ni ufundi mzuri kweli, na ndiyo maana kusoma kwa skana kunashinda kuandika kwa vidole. Lakini tazama kinachohakikiwa: kwamba namba iliyosomwa ndiyo iliyochapwa. Zaidi ya hapo hakuna. Ibandike namba hiyo kwenye kiroba cha mchanga na skana italia vilevile.

Wanaodhani kwamba hili linajulikana na kila mtu waangalie ule ujumbe usiochoka kuzunguka WhatsApp, unaowafundisha Watanzania kutambua asili ya bidhaa kwa tarakimu tatu za mwanzo. Ikianza na 690, unaambiwa, ni ya China, iache. Ikianza na 620, ni ya nyumbani, nunua. Watu wazima, wengine na shahada zao, wanausambaza kwa moyo wa uzalendo. Tarakimu hizo zinataja tu ni shirika la nchi gani, katika mtandao wa kimataifa wa GS1, lililoipa kampuni namba zake. Kampuni iliyosajiliwa Dar es Salaam ikachukua namba za 620 inaweza kufungashiwa bidhaa yake Guangzhou, na 620 ikabaki palepale. Na kabla Tanzania haijawa na shirika lake, mwenye kiwanda aliyetaka kuingiza mali supamaketi ilimlazimu atafute namba nje ya nchi. Mali ya hapa ikatembea na namba za kwingine. Kenya ni 616, Afrika Kusini ni 600 na 601. Kwa hiyo mzalendo wetu anayechagua kwa tarakimu anaweza kuiacha rafuni asali ya jirani yake na kwenda nyumbani na pipi iliyovuka bahari, huku ameridhika kabisa. Hakudanganywa na milia. Aliiuliza swali ambalo haikutengenezwa kulijibu, akajijibu mwenyewe.

Wenye biashara hufanya kosa hilohilo, ila kwa fedha nyingi zaidi.

Njoo mlango wa nyuma, kwenye mapokezi, mahali ambapo muuza mfumo hakai muda mrefu. Fuso limeingia, dereva ana haraka kwa sababu ana maduka mengine ya kupeleka mzigo kabla foleni haijakaza. Kuli wanashusha katoni za mafuta ya kupikia. Karani wa stoo ana skana mkono mmoja na delivari noti mkono wa pili. Katoni ina bakodi yake, na kila chupa iliyomo ina yake. Akiiskani katoni, na hakuna aliyewahi kuuambia mfumo kwamba ndani mna chupa 12, mfumo unapokea kitu kimoja. Akijua hilo, anafungua katoni moja, anaskani chupa moja, anapiga hesabu ya katoni 50 na kuandika 600. Safi. Ila katoni moja ya chini imelowa na ndani zimebaki chupa 9, na hakuna atakayeifungua leo. Mfumo una 600, delivari noti ina 600, invoisi ina 600. Karatasi na kompyuta vimeafikiana vyote. Mafuta peke yake ndiyo hayakuulizwa. Tangu dakika hiyo chupa tatu zimezaliwa kwenye kompyuta ambazo hazitauzwa kamwe, na siku moja kuna mtu atadaiwa.

Sasa njoo kaunta. Foleni ni ndefu, mama ameweka vikopo sita vya mtindi, vinne vya stroberi na viwili vya vanila, bei moja. Keshia anaskani kimoja cha stroberi, anabonyeza 6, anaendelea. Mteja kalipa sawasawa, droo ya fedha iko sawasawa, risiti ya EFD imetoka, serikali imepata chake. Hakuna aliyeiba hata senti. Fanya hivyo mwezi mzima, keshia wote, kila siku, halafu fungua ripoti ya stoki: mtindi wa stroberi, hasi 14. Mtindi wa vanila, 31. Ukienda kwenye jokofu, stroberi imejaa tele na vanila haipo kabisa. Na haitakuja, kwa kuwa mfumo unaoagiza wenyewe unaamini vikopo 31 vipo. Sijakutana na mtu aliyewahi kushika vikopo hasi 14 vya mtindi. Lakini nimekutana na mameneja wanaoichapisha ripoti hiyo, wanaisaini, na kuipeleka makao makuu.

Asidhani msomaji kwamba hizi ni hadithi za maduka yetu yenye umeme wa kukatika. Mwaka 2008 watafiti Nicole DeHoratius na Ananth Raman walichapisha uchunguzi wa karibu rekodi 370,000 za stoki katika maduka 37 ya kampuni moja ya rejareja. Walilinganisha kilichoandikwa kwenye kompyuta na kilichohesabiwa kwa macho. Asilimia 65 ya rekodi hazikuwa sahihi. Haina maana kwamba asilimia 65 ya mali iliibwa. Nyingine zilipungua, nyingine zilizidi. Ina maana kwamba ukichomoa rekodi yoyote kwenye mfumo ule na kuiapia mahakamani, uwezekano wa kuwa umeapa uongo ulikuwa mkubwa kuliko wa kusema kweli.

Watetezi wa mifumo wana jibu moja zito hapa, nalo nitalipa haki yake: tatizo si mashine, ni watu. Karani angehesabu, keshia angeskani kikopo kimoja kimoja, kila kitu kingekaa sawa. Kweli kabisa. Lakini kumbuka mashine iliuzwa kwa ahadi gani. Iliuzwa kwa ahadi kwamba mtu hatahitajika tena kuwa makini, ndiyo maana baada ya kuifunga mwenye duka alipunguza watu wa stoo kutoka wanne hadi wawili na kumpangia keshia spidi. Huwezi kuuza kifaa kwa kuahidi kwamba kinaondoa haja ya umakini, kisha kikishindwa ukasema kilishindwa kwa kukosa umakini. Ama mfumo unahitaji watu wenye muda wa kuhesabu, na hapo gharama yao iwekwe kwenye bei tangu mwanzo, ama hauhitaji. Na kwa miaka yote hii hakuna aliyeonyesha duka ambako hauhitaji.

Na wizi je? Hapa ndipo imani ilipo kubwa kuliko zote. Ni kweli skana hufunga mianya fulani: keshia hawezi tena kuuza kwa bei ya kichwani mwake na kubaki na tofauti. Wizi ukibanwa hapo unahama tu. Keshia humpitishia shemeji yake vitu vinane na kuskani vitano, mkono ukifanya mwendo uleule mbele ya kamera. Kwenye mizani ya mboga, mteja anapima vitunguu swaumu na kubonyeza picha ya vitunguu maji. Lebo inayotoka, zile namba zinazoanza na 2 ambazo duka hujipangia lenyewe, itasomwa kaunta bila hitilafu yoyote, kwa sababu lebo ni halali. Yote haya ni ya wadogo. Ya wakubwa yako ofisini. Kila mfumo una mahali pa kurekebisha stoki, na mahali hapo pana nywila, na nywila hiyo hapewi keshia. Anayeweza kuandika "zimeharibika" na kufuta katoni 40 za maziwa ya unga kwa kubonyeza mara mbili ni mtu mwenye funguo za gari la kampuni. Mashine imefungwa imtazame anayelipwa kidogo kuliko wote, na imempa kalamu ya kufutia yule ambaye hakuna amtazamaye. Nikiwa mwenye duka nisingelala.

Majirani zetu wa Kenya wanao mfano ambao hauhitaji kuchimbwa. Nakumatt, kampuni ya supamaketi, iliskani kila kitu. Ilivuka mpaka, ikafungua Moshi mwaka 2011, ikachukua maduka ya Shoprite nchini Tanzania mwaka 2014, na kaunta zake zilikuwa za kuonea wivu. Mwaka 2017 rafu zilikuwa tupu na wasambazaji wanadai. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama. Januari 2020 wanaoidai walipiga kura ifilisiwe. Supamaketi za Uchumi na Tuskys nazo zilikuwa na skana. Sisemi skana ziliwaangusha. Nasema hazikuwaokoa, na kwamba kwa miaka mingi kila aliyetaka kuonyesha jinsi rejareja ya kisasa inavyoendeshwa Afrika Mashariki alinyoosha kidole kwao.

Kila imani ikichoka huletewa mtume mpya, na wa sasa ni lebo za redio, zinazosomwa kwa mbali hata zikiwa ndani ya boksi. Anayeuziwa hizo aulize yaliyotokea Walmart. Mwaka 2003 kampuni hiyo ilitangaza kwamba wasambazaji wake 100 wakubwa wawe wamebandika lebo hizo kwenye katoni na paleti za mizigo ifikapo Januari 2005. Wasambazaji walilipa gharama bila kuiona faida, mawimbi yakakwama kwenye makopo ya chuma na kwenye vimiminika, amri ikafifia kimyakimya. Teknolojia hiyo imerudi baadaye na kufanya vizuri kwenye nguo, kwa sababu kitambaa hakizuii mawimbi na lebo zimeshuka bei. Muujiza haupo, kuna chombo na kazi yake.

Serikali zetu nazo zimeingia. Kenya ilianza na mfumo wake wa stempu za kodi mwaka 2013, Tanzania ikaanza na stempu za kielektroniki mwaka 2019, na kwa upande wa ukusanyaji wa kodi kuna mantiki nzuri: chupa zinahesabiwa zikiwa bado kwenye mkanda wa kiwanda. Ila wananchi wanaambiwa na jambo la pili, kwamba waskani stempu kwa simu wajue kinywaji ni halisi. Stempu halisi inathibitisha kwamba stempu ni halisi. Chupa tupu yenye stempu yake inaweza kujazwa upya, na mamlaka ya mapato ya Kenya imekwisha kukamata stempu bandia mara nyingi tu. Halafu, tuwe wakweli, nani anaskani chupa ya tatu saa nne za usiku?

Hata nje ya maduka, mashine za alama za vidole za kusaini kazini zina dosari ya aina yake. Saruji hula ngozi ya vidole, na jembe huisugua. Tuliyaona wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, zoezi lililofikia kikomo Januari 2020: wazee wakisugua gumba kwenye nguo, wakijaribu mara ya tano, mashine ikikataa kuwatambua mbele ya watu waliokuwa wanawafahamu tangu utoto. Pale kilichokuwa hatarini kilikuwa laini ya simu. Kwenye maeneo ya ujenzi, kidole kikikataliwa asubuhi, kilicho hatarini ni posho ya siku, na anayeipoteza ndiye aliyefanya kazi ngumu kuliko wote, kwa maana ndiye ambaye vidole vyake vimekwisha.

Anayefikiri natia chumvi asome kilichofanyika Uingereza, kwa kuwa huko waliijaribu imani hii kwa ukamilifu, kwa nguvu zote za dola.

Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la nchi hiyo liliweka kwenye matawi yake mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Matawi mengi yalikuwa maduka ya mtaani, mwenye duka akiuza magazeti na maziwa upande mmoja na stempu na pensheni upande mwingine. Kila muamala uliingizwa kaunta na mfumo ukatoa hesabu. Mfumo ukaanza kusema fedha zimepungua. Wenye matawi walipiga simu ya msaada, na wengi wao wanasimulia kwamba waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Mikataba yao iliwataka wafidie upungufu, wakafidia: kwa akiba, kwa mikopo, kwa kuuza nyumba. Walioshindwa walishtakiwa. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wapatao 700 kati yao kwa mashtaka yaliyofunguliwa na posta yenyewe. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, wapo waliojiua.

Mahakama ziliwezaje? Sheria ya zamani ilikuwa inamtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwanza kwamba kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Sharti hilo lilifutwa kwa sheria ya mwaka 1999, na tangu hapo kompyuta ikachukuliwa kuwa iko sawa mpaka mshtakiwa aonyeshe vinginevyo. Mwuza magazeti wa kijijini aonyeshe vinginevyo, dhidi ya programu ambayo hajawahi kuiona ndani yake! Ilihitajika watu 555, wakiongozwa na Alan Bates, aliyekuwa mwenye tawi la posta huko Wales, kwenda Mahakama Kuu. Desemba 2019 Jaji Fraser akaamua kwamba mfumo ulikuwa na dosari na kwamba zilikuwa zinaweza kuleta upungufu wa uongo kwenye hesabu. Ilihitajika tamthilia ya televisheni mwanzoni mwa 2024 ndipo taifa zima likaghadhibika, na Mei mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo. Robo karne. Katika nchi yenye mawakili kila kona.

Keshia wetu hana Alan Bates. Mwisho wa mwezi anaitwa na wenzake chumba cha nyuma, wanasomewa: stoki imepungua laki tatu na arobaini, mgawane. Wanagawana. Aliyeanza kazi wiki iliyopita anagawana, aliyekuwa likizo ya uzazi akirudi anakuta amegawiwa. Shoti ni shoti, wanaambiwa, mfumo umesema. Akiuliza zilihesabiwa lini, anaambiwa hataki kazi. Hajui habari ya katoni iliyolowa, kwa sababu yeye si wa mapokezi; hajui habari ya nywila ya kurekebisha stoki, kwa sababu hakupewa. Anajua tu kwamba mashine haidanganyi, maana ndivyo alivyofundishwa siku ya kwanza, na wapo wanaofika mahali wanaanza kujitilia shaka wenyewe: huenda kweli nilikosea. Lile la kujitilia shaka ndilo linaloniudhi kuliko hata fedha.

Sijasahau upande wa pili. Daftari nalo hudanganya, tena kwa wino. Duka la Mangi, mwuza duka wa pale mtaani, lina mambo yake: deni likiandikwa mara mbili hakuna rufaa, na siku Mangi akiugua hakuna ajuaye kilichomo stoo. Skana inatoa bei moja kwa tajiri na maskini, inaharakisha foleni, inamwezesha mwenye kiwanda kuondoa sokoni bidhaa iliyoharibika kabla haijaua mtu. Hayo ni makubwa, na ninayataka. Lakini Mangi ana jambo moja ambalo wenye mifumo wamelipoteza. Ukimuuliza kama sukari ipo, hatazami daftari. Anageuka anatazama rafu. Daftari kwake ni kumbukumbu ya alichokiona, na likigombana na rafu, rafu inashinda. Duka la kisasa limegeuza mpangilio huo: rafu inashtakiwa kwa kutolingana na skrini.

Hakuna ugumu wowote kuurudisha mpangilio. Hesabu vitu kumi au ishirini kila siku badala ya duka zima mara moja kwa mwaka, ukianza na vile vyenye hasi kwenye ripoti, kwa kuwa hasi ni mfumo unakiri mwenyewe kwamba haujui. Fungua katoni. Mwache dereva anune. Anayerekebisha stoki asiwe peke yake, na kila rekebisho libaki na jina na sababu. Gharama ya haya yote ni mishahara ya watu, na ndiyo maana muuza mfumo hakuyataja.

Na kuhusu kukata mishahara, sheria zetu zina busara kuliko vyumba vyetu vya nyuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kufidia hasara kwenye mshahara mpaka iwe imetokana na kosa la mfanyakazi huyo, aandikiwe chanzo cha deni na namna lilivyokokotolewa, na apewe nafasi ya kulipinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inataka upungufu wa fedha uwe umetokana na uzembe au kutokuwa mwaminifu kwa mfanyakazi mwenyewe, na upotevu wa mali uwe wa makusudi yake. Hakuna mahali katika vifungu hivyo palipoandikwa "mfumo umesema". Keshia unayesoma haya, ukiitwa chumba cha nyuma mwezi huu, omba hesabu kwa maandishi, kisha omba mwende wote rafuni mkahesabu.